Barakoa na Pumzi ya Mgonjwa



Neno barakoa, ambalo tangu mwaka 2020 limekuwa kinywani mwa kila mtu, halikuzaliwa hospitalini. Wazee wa Unguja walilijua tangu zamani kuwa ni jina la kile kifuniko cha uso walichovaa mabibi wa nasaba ya Omani, cha kitambaa kilichotariziwa kwa nyuzi za thamani, kilichoacha macho wazi na kuusitiri uso. Na asili yake ni burqu' ya Kiarabu. Ilikuwa sitara ya heshima, na bibi aliyeivaa alipishwa njia kwa taadhima, hakukimbiwa. Naanza na lugha kwa makusudi, kwa kuwa neno lilipohama kutoka usoni mwa bibi likaenda usoni mwa mgonjwa, heshima ile haikufuatana nalo. Na nitakalolinena jioni hii, ingawa litatupitisha Ujerumani, Uchina, Vietnam na Afrika Kusini, shina lake ni moja: kwamba tumezoea mno kuuliza kama barakoa humkinga aliyeivaa, tukaghafilika kuuliza huwakinga akina nani walio mbele yake, ilhali utafiti wa miaka zaidi ya 120, ukisomwa kwa subira, hapo ndipo unapotuelekeza.

Mwaka 1897, katika mji wa Breslau uliokuwa wa Wajerumani zama zile na ambao leo ni Wrocław ya Poland, alikuwapo mtaalamu wa elimu ya afya aitwaye Carl Flügge, aliyeshughulishwa na jambo ambalo kila mmoja wetu huliona kwenye mwangaza wa jua bila kulitilia maanani, nalo ni vile vitone vidogo vya mate vitokavyo kinywani mtu anaponena. Alimpa mtu maji yenye bakteria wa aina ambayo ikistawi hufanya doa jekundu, akamtaka asukutue kisha azungumze, na chumbani mlikuwa mmetandazwa visahani vya kuoteshea vijidudu. Na visahani hivyo, hata vile vilivyokuwa mbali na msemaji, vikachipua madoa mekundu. Ikawa wazi kwamba maneno hayatoki peke yake. Katika mji huo huo alikuwapo tabibu mpasuaji, Johann von Mikulicz, ambaye alipozipata habari hizi hakungoja burhani nyingine, akaufunga mdomo na pua yake kwa kipande cha shashi cha tabaka moja, akasema kwamba kupumua ndani yake hakumtaabishi, kama ambavyo utaji haumtaabishi bibi apitaye njiani. Huko Paris, mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, mpasuaji Paul Berger, ambaye alikuwa amegundua kwamba majeraha ya wagonjwa wake hutunga usaha hasa pale yeye au msaidizi wake anapokuwa na jino bovu, naye alianza kuvaa shashi ya tabaka sita, iliyoshonewa chini yake kitambaa kisafi cha kuzisitiri ndevu.

Zingatieni nia ya watu hawa wawili. Hawakuwa wakijihofia nafsi zao. Walivihofia vinywa vyao wenyewe, na wakamfunga tabibu ili mgonjwa asalimike. Kwa hiyo barakoa ya hospitali, katika mwanzo wake kabisa, ilikuwa ni insafu ya mwenye nguvu kwa asiye na nguvu.

Miaka 13 baadaye mambo yalipinduka. Majira ya baridi ya mwaka 1910 kuingia 1911, katika nchi ya Manchuria, kaskazini mashariki ya Uchina, ilizuka tauni ya mapafu miongoni mwa wawindaji wa mnyama mmoja wa manyoya, mithili ya kuchakuro mkubwa, ambaye ngozi yake ilikuwa na bei. Na wawindaji wale, wakilala wamebanana katika nyumba za wageni zilizofungwa kila upenyo kwa sababu ya baridi, wakaambukizana, kisha reli ikaubeba ugonjwa kutoka mji hadi mji, hata wakafa watu takriban 60,000. Serikali ya Uchina ilimpeleka Harbin kijana wa miaka 31, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea utabibu Cambridge. Elimu ya wakati ule ilisema tauni huletwa na viroboto wa panya, na aliyesema hivyo hakukosea kwa tauni aliyoijua. Lakini Wu, baada ya kumpasua maiti mmoja na kuutazama ugonjwa ulivyokuwa ukihama kutoka kwa anayekohoa kwenda kwa anayemwuguza, akashikilia kwamba tauni hii inakwenda kwa pumzi. Akaagiza matabibu, wauguzi, wazikaji na wapekuzi wa majumba wavae barakoa ya shashi iliyotiwa pamba katikati, ambayo mtu yeyote angeweza kuitengeneza kwa bei ndogo na kuifunga nyuma ya kichwa.

Alikuwapo pale tabibu Mfaransa aitwaye Mesny, mtu mzima mwenye sifa na tajiriba ya tauni, ambaye hakukubali kuelekezwa na kijana huyu. Akaingia wodini kuwapima wagonjwa bila barakoa, na haukwisha mwezi wa Januari 1911 ila amekwisha kufa kwa tauni ile ile. Kifo chake kiliwafanya watu wa Harbin kuitafuta barakoa kuliko waraka wowote wa serikali. Nami sikihadithii kwa kumfanyia inda marehemu aliyekwenda nchi ya mbali kutibu watu wasio wake, bali kwa sababu tangu siku zile picha ya barakoa katika akili za watu ilibadilika, ikawa ngao ya mzima dhidi ya mgonjwa, na katika kubadilika huko mgonjwa naye akageuka kuwa adui.

Huko vyumba vya upasuaji, barakoa ikawa ada isiyoulizwa. Ndipo mwaka 1981 mpasuaji wa Colchester, Uingereza, Neil Orr, alipochapisha habari iliyowashtua wenzake: kwamba kwa muda wa miezi 6 ya mwaka 1980 yeye na wenzake walipasua bila kuvaa barakoa, na majeraha yaliyotunga usaha hayakuzidi, bali yalipungua. Uchunguzi ule ulikuwa mdogo, na wenye hadhari wakausubiri mkubwa zaidi. Ukaja kutoka Sweden mwaka 1991, wa mtafiti Tunevall, wenye wagonjwa 3,088, ambamo majuma ya kuvaa na majuma ya kutovaa yalipangwa kwa kura. Majeraha yaliyoharibika yakawa asilimia 4.7 kwa waliopasuliwa na wenye barakoa, na asilimia 3.5 kwa waliopasuliwa na wasiovaa, tofauti ambayo wanahesabu husema yaweza kuletwa na bahati tu.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Je, Mikulicz alikosea? Sidhani kwamba hivyo ndivyo inavyopasa kusomwa. Shughuli iliyofanywa Sweden, katika chumba cha upasuaji cha kisasa, huenda haikuiachia barakoa kazi kubwa ya kufanya. Na jeraha la tumbo silo pafu. Aidha damu irukayo kutoka kwa mgonjwa kwenda kinywani mwa mpasuaji haikuwamo katika hesabu ile. Faida ya tafiti zile mbili ni kwamba zimetufundisha kutosema "barakoa" kama kwamba ni kitu kimoja chenye kazi moja, bali kutaja daima ni barakoa gani, usoni mwa nani, dhidi ya ugonjwa upi, na katika chumba cha namna gani.

Nimekuja na barakoa moja ya hospitali, ya kawaida, hii ya buluu, nami ninaikata kwa mkasi mbele yenu. Tazameni: ni tabaka tatu. La nje la buluu na la ndani jeupe ni kama nguo hafifu tu, hazina ajabu. Lakini hili la katikati, jepesi kama ganda la kitunguu, ndilo lenye siri. Nyuzi zake ni za plastiki iliyoyeyushwa na kupulizwa kwa upepo wa moto hadi ikawa nyembamba kupita unywele mara nyingi, kisha zikatiwa chaji ya umeme isiyotoka upesi. Na kila aliyewahi kusugua chanuo kichwani kisha akaliona likivuta vipande vya karatasi anaufahamu umeme huo. Chembe ipitayo karibu na uzi haihitaji kugonga, huvutwa. Ndiyo sababu barakoa hii ikifuliwa kwa sabuni, hata ikirudi safi machoni, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Na lipo jambo jingine ambalo huwashangaza wanafunzi kila mwaka: chembe iliyo ngumu kunaswa si ile ndogo kuliko zote. Kubwa hushindwa kupinda kona baina ya nyuzi, zikagonga. Ndogo sana husukwasukwa na hewa, zikayumba huku na huku hata zikaangukia uzi. Za katikati, zenye upana wa kama sehemu 3 katika 10 za mikroni, ndizo ziponyokazo, na kwa hiyo barakoa ya N95, ambayo lazima inase angalau asilimia 95, hupimwa kwa ukubwa huo uliokaidi.

Lakini sasa niivae hii nyingine, nzima, na mnitazame mashavuni. Hapa kando ya pua, panapoingia kidole changu, na hapa chini ya sikio, hewa inapita bila kuchujwa na chochote. Hewa haina haya. Huifuata njia nyepesi. Jambo hili liliandikwa huko California tangu mwaka 1920, mtafiti Kellogg alipochunguza kwa nini amri za kuvaa shashi wakati wa homa kuu ya mafua ya 1918 hazikuonyesha matunda yaliyotarajiwa, akaona kwamba shashi ikiwa tabaka chache hupitisha, na ikiwa tabaka nyingi pumzi hukataa kupita katikati yake, ikatokea pembeni. Miaka 100 na zaidi imepita, na muuguzi wetu bado hupewa barakoa asiyoonyeshwa namna ya kuukaza ule waya wa puani.

Nikifika kwenye kitambaa, nawaomba radhi mafundi cherehani waliotusaidia mwaka 2020, kwani walifanya walichoweza wakati maduka yalipokuwa matupu, na mtu mtaani aliyevaa kitambaa hakukosa kitu. Hospitalini lakini hukumu ni nyingine. Utafiti uliofanywa Hanoi, Vietnam, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwagawa wafanyakazi 1,607 wa hospitali 14: wengine walipewa barakoa za hospitali, wengine barakoa za kitambaa za kufua kila siku, na wengine wakaachwa na ada yao. Maradhi ya mfumo wa pumzi yalikuwa mengi zaidi kwa wenye kitambaa. Na vilipopimwa, kitambaa kile kilipitisha takriban asilimia 97 ya chembe, na barakoa ya hospitali asilimia 44. Kwa kuwa wengi wa wale walioachwa na ada yao nao walivaa barakoa, utafiti huu hauwezi kusema kwamba kitambaa ni kibaya kuliko uso mtupu. Unachosema kinatosha: muuguzi wa wodi ya kifua asipewe kitambaa.

Kuhusu ubishi baina ya barakoa ya hospitali na N95 nitapita upesi, kwa sababu umechukua wino mwingi kuliko unavyostahili. Huko Ontario, Kanada, wauguzi 446 waligawanywa kwa kura, na walioambukizwa homa ya mafua wakawa asilimia 23.6 kwa barakoa ya kawaida na 22.9 kwa N95. Na huko Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 wenye wafanyakazi 2,862, hali ilikuwa karibu hiyo hiyo, asilimia 7.2 kwa barakoa ya kawaida na 8.2 kwa N95. Maabara husema N95 ni bora bila shaka, wodi hazikuonyesha. Hakuna anayesema uongo. Maabara hupima chombo, na wodi humpima binadamu, ambaye huivua anapokunywa chai na wenzake, akaishusha kidevuni simu ikilia, na akirudi nyumbani hukumbatiwa na mwanawe mwenye mafua. Kadhalika mwaka 2023, jopo la Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilipokusanya majaribio 78 ya njia za kuzuia maradhi ya pumzi, baadhi yake ya barakoa, na kuona kwamba kuwahimiza watu kuvaa barakoa kulileta tofauti ndogo au hapana, magazeti yalitangaza kwamba barakoa haifai kitu, hata mhariri mkuu wa Cochrane, Karla Soares-Weiser, akalazimika kueleza kuwa tafsiri ile ni potofu, kwani majaribio yalipima uhimizaji, na wengi waliohimizwa hawakuvaa. Nchini Bangladesh, katika vijiji 600, hata baada ya barakoa za bure na hima ya kila namna, wavaaji walipanda kutoka asilimia 13 hadi 42 tu. Na hata hivyo, kwa wazee waliozidi miaka 60 katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, waliougua korona na kuthibitika kwa damu walipungua kwa takriban theluthi moja. Nani kati yetu hangependa mama yake awemo katika theluthi hiyo?

Nimefika nilikotaka kukaa.

Tangu miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, William Wells na Richard Riley walikuwa wamebuni njia ya kuiuliza hewa yenyewe: waliipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu katika chumba cha simbilisi, wanyama wadogo ambao wakivuta hata chembe chache za ugonjwa huambukizwa, na simbilisi wale, ambao hawakuguswa na mgonjwa yeyote, wakapata kifua kikuu. Njia hiyo ikafufuliwa Afrika Kusini, katika jimbo la Mpumalanga, kwenye mji uliokuwa ukiitwa Witbank na sasa Emalahleni. Wodini walilazwa wagonjwa 17 wenye kifua kikuu sugu kwa dawa. Vilikuwapo pia vyumba viwili vilivyo sawa, kila kimoja na simbilisi 90. Siku moja wagonjwa walivaa barakoa za kawaida, hizi za buluu, na hewa yao ikapelekwa chumba cha kwanza. Siku ya pili hawakuvaa, na hewa ikapelekwa chumba cha pili. Na hivyo kwa zamu, kwa muda wa miezi 3. Wagonjwa walikuwa wale wale, kikohozi kile kile, kitanda kile kile.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Katika chumba kilichovuta hewa ya siku zisizo na barakoa, simbilisi 69 kati ya 90 waliambukizwa. Katika kile kilichovuta hewa ya siku za barakoa, 36. Kwa makadirio ya watafiti hatari ilipungua kwa asilimia 56, na hilo kwa barakoa rahisi, iliyolegea mashavuni kama hii yangu, usoni mwa mgonjwa anayekula, anayelala na anayechoka kuivaa. Mwaka 2020 watafiti wa Hong Kong waliokusanya pumzi za wagonjwa 246 walipata habari inayofanana: vile virusi vya korona vya mafua ya kila siku walivipata katika pumzi za baadhi ya wasiovaa, na kwa waliovaa hawakuviona. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kitone kinapotoka kinywani bado ni kikubwa, kina maji, nacho hunaswa kwa urahisi. Kikiachwa kikatangatanga wodini hukauka, kikapungua, kikawa ile chembe kaidi niliyoitaja, na wa kukinasa ni lazima awe na chombo cha gharama, kilichokaa barabara usoni. Rahisi kumfunga ng'ombe zizini kuliko kumtafuta nyikani.

Kwetu hili si la ugenini. Hospitali ya Kibong'oto, huko Kilimanjaro, imekuwa ikiwatibu wenye kifua kikuu sugu tangu mwaka 2009, na ulimwenguni kote, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 peke yake waliugua kifua kikuu watu takriban milioni 10.8, wakafa milioni 1.25. Wengi wa hao, kabla ya kutambuliwa, walikaa kwenye mabenchi ya kungojea kama tunavyokaa sote.

Katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja, niliwahi kumwona kijana aliyepewa barakoa mlangoni kwa sababu alikuwa akikohoa. Akaivaa vizuri, akaketi. Mama aliyekuwa kando yake akavuta kanga yake, akasogea. Wa pili naye akasogea. Benchi likawa na watu upande mmoja na yeye upande wa pili, pengo katikati likiwatosha watu watatu. Hakuna aliyesema neno. Kijana akatazama chini kitambo, kisha akaivua polepole, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Wagonjwa wapya walipoingia, wakaliona benchi lina nafasi, wakakaa naye bega kwa bega, mmoja ana mtoto mgongoni. Naye akakohoa katika kiganja chake. Watu walikuwa wamemkimbia wakati wa usalama na kumkaribia wakati wa hatari, na hospitali haikuwa imewaambia lolote la kuwafahamisha kinyume chake.

Kwa hiyo ninyi mnaosimamia zahanati na hospitali, nawaomba barakoa ya kwanza katika boksi iwe ya anayekohoa, apewe na mtu atakayemweleza mbele za watu kwamba anaivaa kwa hisani yake kwa wenzake. N95 ziwekwe kwa wauguzi wa wodi za kifua, wafundishwe kuzikaza. Tena fungueni madirisha. Uchunguzi wa hospitali 8 za Lima, Peru, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba vyumba vya kale vyenye dari ya juu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, vilibadilisha hewa yote kiasi cha mara 40 kwa saa, ilhali vyumba vya mashine za upepo vilikadiriwa mara 12. Na majengo ya namna hiyo bado tunayo, ila tumeyaziba madirisha kwa makabati ya mafaili.

Na ninyi wengine mtakaokaa benchini kesho: akija mtu mwenye barakoa, msisogee. Mpisheni akae.